Kwa Papa Askofu, Tuliyemwita Mla Mbegu

Mpendwa Papa Askofu, baba yetu,

Jumapili iliyopita, hapa Shasha tulikokimbilia kwa sababu ya vita, pasta alitutangazia kwamba umefariki huko kwenu ng'ambo. Nililia bila haya. Watu walidhani ni msiba tu, kumbe kulikuwa na neno ambalo sikuwahi kulisema mbele zao.

Unakumbuka nilipokuja Mweso kukupikia? Nilikuwa msichana, mgeni wa desturi za parokia. Jumamosi moja akina mama walileta kikapu cha maharagwe ya mbegu, uyabariki kesho yake ndipo wapande. Mimi nikadhani ni zawadi ya chakula. Uliporudi kutoka Walikale kwa pikipiki, matope hadi magotini, sufuria ilikuwa imeiva. Ulikula sahani mbili, ukasifu, ndipo ukauliza yametoka wapi.

Kesho yake ulisimama mbele ya kanisa zima. "Ni miye njo nilisema bapike," ukasema, ukijitwika kosa langu. "Munisamehe, bamama."

Ukazunguka mpaka Kashuga kuwatafutia mbegu nyingine, lakini jina lilikwisha kukuganda: Mla Mbegu. Ulibatiza, ukafungua makanisa hadi ndani ya msitu wa Walikale, ukazeeka kwetu, na kila kijiji jina lilikutangulia. Ulicheka tu. Mimi nilinyamaza, mwanzoni kwa hofu ya kufukuzwa, baadaye kwa aibu. Hata siku ya kustaafu kwako nilikufungia masanduku, nikakuaga, nisiseme kitu.

Basi Jumapili ile nikasimama. Nikawaambia wote kwamba aliyepika ni mimi, wamrudishie Papa jina lake.

Mama Furaha, mmoja wa wale wenye mbegu, tuliyekimbia naye kutoka Mweso, alinishika mkono.

"Tulijuaka tangu siku ile, mutoto wangu. Askofu hata kuwasha makala ya jiko hakujua! Ile jina tulimuita juu ya mapendo. Alipita kwetu nyumba kwa nyumba, akatuomba: yule mutoto wa jikoni asijue kama munajua, atakimbia."

Nilikaa chini, Papa. Nimekukumbuka kupita kiasi. Nina asante ya miaka yote hii, na wa kumpa hayupo.

Lala salama kwenye udongo wa kwenu.

Nimebaki mimi,
Binti yako wa jikoni