Mistari Yako Niliyokataa Iguswe

Espe, binti yangu,

Nesi amenikataza kukaa mezani, lakini sitaki kufa na jambo hili kifuani.

Unaikumbuka programu ya zahanati ya Gashonga ulivyoikuta? Ilitafuta familia ya mgonjwa kwa jina la ukoo. Ulicheka mpaka ukakaa chini. "Mwalimu, huku kila mutoto iko na jina yake! Hii itatafuta mupaka Yesu arudi." Ndipo ukaiongezea klasi ya Mgonjwa, sehemu ya programu inayobeba habari za kila mgonjwa, mbinu yako mwenyewe, watu_wa_nyumba. Kurasa za nesi, za maabara na za simu zikaacha kutafuta kila mmoja kivyake. Zote zikamwuliza Mgonjwa, naye akajibu kwa kufuata jina la mama. Mimi niliyekufundisha hesabu nikabaki nakukodolea macho.

Hukuwa umemaliza. Hospitalini, pumzi zikikukatika, uliniambia: "Kuko batoto banalelewa na bibi yabo. Ile utaongeza, Mwalimu."

Sikuongeza. Klodina, aliyeshika nafasi yako, aliniomba funguo za programu ili aongeze yeye. Nilimfokea kwamba mbinu ile haina kasoro. Uongo, Espe. Ilikuwa mistari ya mwisho uliyoandika. Niliifungua na kuisoma tu, nikisikia sauti yako. Sikutaka mkono wa mtu mwingine uingie mle.

Jumatatu msichana mmoja alipatikana na kifua kikuu. Maman Furaha, nesi wetu, akaiuliza programu anaishi na nani, awaite wapimwe. Ikajibu: hakuna. Mama yake yuko Bukavu, na hana mtoto mwingine. Lakini msichana analala kwa bibi yake, chumba kimoja na kichanga cha mama yake mdogo. Maman Furaha aliiamini skrini. Tulijua Alhamisi, dereva wa moto, pikipiki ya kukodi, aliyemleta msichana alipouliza, "Na ule mutoto mudogo wa pale, mbona anakohoa na hamumuite?"

Nilimwita Klodina hapa kitandani. Akaweka kidole juu ya mstari wako.

"Mzee, nifute kweli?"

"Futa."

Mahali pa mama akaweka nyumba anamolala mgonjwa. Alibadilisha pale tu, na kurasa zote zikajibu upya: bibi, mama mdogo, kichanga. Maman Furaha akapanda moto kwenye mvua, hata koti hakuvaa.

Kichanga kimelazwa. Majibu bado. Kila simu ikilia, nauliza kama ni ya hospitali.

Sikuombi unisamehe kabla hatujajua. Kisipopona, nitakuja kwako na jina lake, nikwambie uso kwa uso. Klodina nimempa funguo zote za programu. Nakuahidi, binti yangu: akitaka kufuta hata mstari wako uliobaki ili mtoto mmoja aonekane, nitamwonyesha mimi mwenyewe ulipo.

Pumzika, Espe. 

Mwalimu wako