Ubatizo Niliokosa kwa Ajili ya Pampu

Kariakoo, Dar es Salaam
Jumapili jioni

Mpendwa Dada Anande,

Shikamoo. Kifua cha mama kinaendeleaje na baridi ya huko? Na mtoto ananyonya vizuri? Mimi ni mzima wa mwili, ila tangu asubuhi nimekaa chumbani nikijua kwamba leo kanisani alihitajika msimamizi wa ubatizo, nami sikutokea. Telegramu yangu naamini ilifika, lakini telegramu haina nafasi ya maelezo.

Ofisi yetu imetakiwa kukadiria pampu za maji za vijijini hudumu muda gani, ili vipuri viagizwe mapema. Tukikosea, akina mama watarudi kuteka mtoni. Wastani wa kawaida hautoshi, maana pampu nyingi bado zinafanya kazi na hatujui zitakufa lini. Tunatafuta tarakimu mbili, ya umri wa pampu na ya kasi ya kuchakaa, ambazo zingeyafanya haya tuliyoyaona yawe na uwezekano mkubwa kuliko tarakimu nyingine zozote. Kwa kalamu hazipatikani. Unaipa kompyuta makisio ya kuanzia, nayo inapapasa kunakopanda, hatua kwa hatua, kama mtu mlimani kwenye ukungu, mpaka ikose pa kupanda.

Alhamisi jibu likatoka. Ndugu Seif, mkuu wangu, mzaliwa wa hapahapa Kariakoo, akafurahi.

"Elia, funga mzigo, nenda ukasimamie ubatizo."

"Kileleni tumefika, Ndugu, ila sijui kama ni Kibo au Mawenzi."

"Wachaga nyie! Hata hesabu mnaitia mlima?"

Akacheka, nami nikamwambia nabaki. Aliyefika Mawenzi, kilele kifupi, kwenye ukungu naye hukosa pa kupanda, akadhani amemaliza. Dawa yake ni kuanza upya kutoka pande nyingine, na zamu yetu ya mashine ilikuwa Jumamosi.

"Shauri yako," akasema. "Jibu likirudi lilelile, usimwambie dada yako ni mimi niliyekuzuia."

Basi likaondoka bila mimi. Jana nimeshinda chumba cha mashine, kwenye ubaridi wao wa kutengeneza, nimevaa sweta aliyonifumia mama, nikiilisha kompyuta kadi za matundu, fungu baada ya fungu, kila fungu na mahali pake pa kuanzia. Yote yalipanda yakakutana palepale pa Alhamisi. Ndugu Seif hakunitania. Alisaini karatasi, akaenda kuninunulia kahawa.

Kwa hiyo, dada, ningekuja kisingeharibika kitu. Hilo nimelijua jana, Alhamisi sikulijua. Ukikasirika una haki.

Msalimie mama, na shemeji, na binamu yetu fundi cherehani, ambaye nadhani ndiye aliyesimama mahali pangu. Mwambie nimeshukuru. Nawe ukipata nafasi uniandikie: mtoto mmempa jina nililolichagua mimi, au la yule aliyekuwepo?

Mdogo wako, na mjomba wa mtoto,
Elia