Filamu Uliyonisimulia

Mume wangu wa mbali,

Sisi huku wazima, ila cherehani yangu imeanza kukohoa kama mwenyewe.

Jumapili nilikwenda kwa wifi, dada yako, tukaitazama ile filamu maarufu uliyonisimulia tukiwa wachumba. Ulisema mwishoni mume anashuka stesheni na mke anamkimbilia, nami kwa akili zangu za kuku nikalia, nikakukubali siku ileile. Tumekaa saa tatu nzima. Hata reli hatukuiona! Ni farasi mwanzo mwisho, na mume anafia jangwani.

"Wifi, stesheni iko wapi?" nikauliza.

Akacheka mpaka miwani ikamdondoka. "Kaka yangu huyu? Tangu azaliwe hajakaa kitako dakika kumi. Hiyo aliisikia kwa kinyozi!"

Hongera, mjuzi wa filamu. Miaka ishirini na miwili unasifia usichokiona, na hata kukiulizia vizuri umeona uvivu. Macho ninayo, ila siku ile sijui niliyaazimisha kwa nani.

Barua yako inasema utarudi Desemba. Ya mwaka jana na ya mwaka juzi zilisema hivyohivyo. Kwa ajili ya kukusubiri, nimekataa mara mbili kuwa msimamizi wa chumba cha kukatia nguo kiwandani, mji wa pili. Juzi wameniuliza tena, nikakubali. Naondoka Jumatatu.

Funguo anazo dada yako. Kitanda nimekiuza, kwa hiyo ukija kweli, njoo na mkeka.

Mkeo, fundi cherehani