Kisima cha Pili Mtoni Tiva

Ikutha, Jumatano, Oktoba 1984

Jua limewaka tangu asubuhi, na mawingu yanapita juu yetu kama wageni waliokataa chai.

Leo nimesema mbele ya kina mama wa mwethya, kikundi chetu cha kazi, jambo ambalo nimelimeza wiki nzima. Kisima tulichochimba kwenye mchanga wa mto Tiva ndicho pekee chenye maji huku kwetu, na ndovu wanajua. Tukikizungushia miiba, wanaing'oa, na alfajiri tunawakuta palepale. Wanaume wanataka kuwavizia kwa mishale ya sumu. Sasa ndovu akijeruhiwa asife, nani atathubutu kuteka maji?

Nikasema tuwachimbie chao, kule chini mtoni, kiwe kipana. Na ile migunga ya ukingoni tusiikate tena kuchoma makaa, ili wapate kivuli na chakula wakae huko.

Wote walimgeukia Kavindu. Mumewe aliuawa na ndovu mwaka jana, hapo hapo kisimani. Mimi ndiye niliyemshika mkono siku ya mazishi, na leo namwomba awachimbie maji waliomfanya mjane! Nilitamani ardhi inimeze. Mume wangu husema mdomo wangu hauna breki, na kwa mara ya kwanza namuunga mkono.

Wengine walianza kunung'unika. "Wewe Mama Mutua, kwani ndovu ni wajomba wako?"

Kavindu alifunga leso yake upya, akaokota jembe. "Hiyo siku baba ya watoto alikufa, kisima ilikuwa moja tu," alisema. "Twendeni tuchimbe."

Tumechimba mpaka maji yakatokea. Mwethya haijawahi kufanya kazi bila nyimbo, lakini leo hakuna aliyeimba. Mikono yangu imechubuka.

Sasa naandika, na maswali hayaniachi. Ndovu wakikikataa chao je? Wakivitaka vyote viwili? Wazo ni langu, na mtu akiumia sitakuwa na pa kuficha uso.

Kesho zamu ya kwanza ya kuteka maji ni ya Kavindu. Nimemwomba tubadilishane, amekataa. Basi tutashuka wawili.

Mungu, nisiwe nimekosea.