Mashine ya Mama na Malalamiko ya Kinyozi

Nyumbani,
Jumapili, 9 Machi.

Shangazi mpendwa,

Shikamoo shangazi. Magoti yanaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema ngazi za hapo unapokaa zinakutesa na daktari amekubadilishia dawa. Utuambie kama hizi mpya zinasaidia, au ni zile zile zimebadilishwa boksi. Na lile koti nililokutumia, kama linakubana mabegani mpe binti yako. Usilivae kwa kunionea haya.

Sisi huku tunasukuma siku. Mgongo wa mume wangu umetulia na amerudi kazini. Watoto wazima, wanakula kama wanashindana. Mimi mwili hauna neno.

Ulimuuliza mume wangu kwa nini Skrubu hapokei simu zako, akakujibu kwamba kijana ana kazi nyingi. Msamehe, hakujua aanzie wapi. Nimeona niandike, maana kwenye simu tungelia wote wawili na salio lingekwisha kabla sijafika popote.

Unakumbuka mdogo wangu alivyopata jina hilo, alipofungua skrubu zote za kitanda chako na wewe ukaenda kulala. Mikono ile ile ndiyo imekuwa ikimlisha. Ananunua vitu vilivyoharibika, redio, feni, mashine za kushonea, anavitengeneza katika chumba alichokuwa analala marehemu mama, kisha anaviuza kwenye mnada wa mtandaoni. Anaweka picha, watu wanapanda bei, muda ukiisha aliyefika juu anatumiwa mzigo. Kwa muda mrefu mambo yalimwendea vizuri.

Mwaka jana akauza redio moja ya mbao, kazi safi, hata mimi niliionea wivu. Mnunuzi akalalamika kwa wasimamizi wa mnada kwamba imefika imepasuka. Skrubu akampigia simu, akamwomba radhi, akamwambia airudishe tu na pesa yake atapewa. Boksi lilirudi na uzito wake. Ndani kulikuwa na kipande cha tofali kimeviringishwa kwa taulo. Wasimamizi walisema rekodi zao zinaonyesha mzigo umerudishwa, basi. Redio ikaenda na pesa ikaenda.

Baada ya hapo akabadilika. Kuna rafiki yake anayeuza simu kwenye mnada huo huo, mzoefu wa kesi hizi, ndiye aliyempa darasa. Alimwambia upige video mzigo ukiwa unafanya kazi kabla ya kuufunga, na mnunuzi akianza kulia usimjibu hata neno. Wewe peleka ushahidi kwa wasimamizi, kisha kaa kimya mpaka muda wa malalamiko uishe. Skrubu alilishika darasa hilo kama sala. Na kweli lilimsaidia, maana matapeli wawili walijaribu tena wakagonga ukuta.

Sasa nifike penyewe. Ile mashine ya oksijeni ya mama, uliyotuchangia, ilikuwa bado imesimama pembeni mwa chumba. Kila tukipita tunaiona. Tukakubaliana iuzwe, imfae mgonjwa mwingine. Skrubu aliisafisha, akabadilisha chujio, na kwenye tangazo akaandika maneno yake mwenyewe: kwamba mashine hii ilimpa mama yetu pumzi, na kwamba aliyeitunza ni mwanawe. Mimi ndiye niliyeshika simu wakati wa kupiga video. Ilikuwa inanguruma vizuri na hewa inatoka, niliisikia kwenye kiganja.

Ikanunuliwa haraka. Siku chache baada ya kufika, malalamiko yakaingia. Mnunuzi aliandika kwa herufi kubwa tupu, bila nukta, kwamba taa inawaka, mashine inanguruma, lakini hewa haitoki, na mgonjwa yupo, tafadhali aambiwe afanye nini. Skrubu alinionyesha. Alisema huyu naye ni yule yule wa tofali, amebadilisha jina tu. Sikumbishia. Akawatumia wasimamizi video yetu, akafunga mdomo. Ujumbe mwingine ukaja, na mwingine. Hakujibu.

Kisha mnunuzi akanyamaza. Wasimamizi walimtaka atoe uthibitisho wake, hakutoa, muda ukaisha. Skrubu alikuja jikoni kwangu anacheka, akanisomea kwa sauti kwamba kesi imefungwa na muuzaji ameshinda. Nilikuwa nakaanga mayai, nikamwongezea mawili.

Kesho yake ukaja ujumbe kutoka akaunti ile ile ya mnunuzi, lakini huyu alikuwa anaandika vizuri. Nitakuandikia kama ulivyokuwa, maana nimeusoma mara nyingi.

"Mimi ni binti wa mnunuzi. Baba hakuwajibu wasimamizi kwa sababu alikuwa anamzika mama. Hongera kwa ushindi."

Shangazi, Skrubu alikaa kwenye kiti cha mama na simu mkononi mpaka ikajizima. Nilipomgusa bega akaniuliza kama na huyu naye anaweza kuwa tapeli. Nilimwambia sijui. Alisema, "Twende tukajue."

Anwani tulikuwa nayo kwenye risiti ya kutuma mzigo. Tulisafiri kwa basi, tukafika mji mdogo, tukaelekezwa kwenye duka la kunyolea lililo chini ya nyumba ya ghorofa. Mnunuzi ni kinyozi. Mtu mwembamba, mvi zimemjaa, koti lake jeupe limefungwa vifungo mpaka shingoni. Alikuwa anamalizia mteja. Akatuonyesha benchi kwa kidevu tu, tukakaa kama wateja.

Mteja alipoondoka, kinyozi akakung'uta kitambaa, akamwita Skrubu kwa mkono. Mimi nilidhani mdogo wangu atasema pale pale aliposimama. Lakini miguu yake ilikwenda yenyewe, akakaa kwenye kiti, akafungwa kitambaa shingoni. Yule mzee akamuuliza apunguze kiasi gani. Ndipo Skrubu akamwangalia kwenye kioo, akamwambia yeye ndiye aliyemuuzia ile mashine.

Mkasi ulikuwa tayari hewani. Aliushusha mezani taratibu sana. Nje mtu alikuwa anafagia. Kisha akasema, "Nilidhani utakuwa mtu mzima."

Akamfungua kitambaa, akakikunja vizuri, akageuza kibao cha mlangoni, akatupandisha juu.

Mashine ilikuwa kwenye korido, imefunikwa shuka la maua. Binti yake alitufungulia mlango, akaenda kusimama dirishani na hakugeuka tena. Kinyozi ndiye aliyesema yote, amekaa pembeni ya kitanda kilichotandikwa, kwa sauti ya mtu anayeelekeza njia. Mkewe alikuwa mgonjwa wa mapafu kwa muda mrefu. Mashine ilipoanza kunguruma alifurahi, akaweka mrija puani, halafu akasema labda ni yeye amechoka, hajui kuivuta hewa. Wakajaribu tena na tena. Kuna mahali wanakodisha mashine kama hizo, na binti alitaka wakakodi siku ile ile. Kinyozi mwenyewe ndiye aliyekataa. Alitaka wamsubiri muuzaji.

"Niliwaambia, mtu aliyeandika vile kuhusu mama yake atajibu."

Hiyo ndiyo sentensi tuliyorudi nayo, shangazi. Hakuisema kwa hasira. Afadhali angetutukana.

Mama yule alizidiwa, akapelekwa hospitali, akafia huko. Madaktari walisema moyo ulikuwa umeshachoka sana, hata mashine nzima huenda isingebadilisha kitu. Kinyozi alitueleza na hilo pia, hakutuficha. Lakini alisema huenda, na huenda ni neno baya sana kulala nalo.

Skrubu alimrudishia pesa yake yote. Mzee akaipokea, akaitia mfukoni bila kuitazama, akatuambia tuondoke na mashine, hawezi tena kuipita kwenye korido. Tulipokuwa tunaishusha ngazi alikuja akashika upande mmoja, kwa sababu mimi nilikuwa nashindwa. Kwenye basi Skrubu aliipakata njia nzima.

Tulipofika aliifungua kabla hata ya kunywa maji. Ndani kuna mrija mdogo wa plastiki. Ulikuwa umechomoka, bila shaka mzigo ulitikiswa njiani. Aliusukuma kwa kidole gumba ukaingia, akawasha, hewa ikatoka. Basi. Ni kitu ambacho angeweza kumwelekeza mtu kwenye simu huku anakunywa chai. Tulibaki tunaisikiliza inavyopumua.

Aliwaandikia wasimamizi wa mnada akiomba hukumu ibadilishwe, iandikwe kwamba mnunuzi alisema kweli. Walimjibu kwamba kesi iliyofungwa haifunguliwi, na wakamshukuru kwa kuwa muuzaji mwaminifu. Jibu hilo lilimwangusha kitandani siku nzima. Rafiki yake muuza simu alikuja kumfariji, akamwambia alifuata taratibu zote. Skrubu alimsindikiza mpaka mlangoni kwa heshima, na tangu hapo hamtaki.

Mashine tumeipeleka zahanati ya hapa mtaani. Muuguzi aliipokea kwa furaha. Kabla ya kuiacha, Skrubu aliandika namba yake ya simu ubavuni kwa rangi nyekundu, kubwa, akamwomba muuguzi ampigie ikikohoa tu. Hajauza kitu tangu siku ile. Akaunti ameifunga.

Simu zako anaziona, shangazi. Anaogopa utamwambia si kosa lake. Sote tumemwambia hivyo, na kila akiambiwa anazidi kupungua, mpaka suruali zake nimezitia pini. Nakuomba umpigie tena, usichoke. Akipokea usimwambie hivyo. Mkumbushe habari za mama, mgombeze kidogo kama zamani, au ukae naye kimya tu kwenye laini.

Mume wangu anakusalimu, na watoto wanauliza lini utakuja. Nisalimie binti yako, na mkweo mpole, na yule mjukuu wako Kidevu, mwambie shangazi yake amemfumia kofia. Mungu akupe usingizi mwema kila usiku na akuamshe magoti yakiwa mepesi.

Nakupenda sana, shangazi. Ni mimi,
mtoto wa kaka yako.

Nimekaa naandika mezani kwake, naye yuko hapa hapa. Simu imelia sasa hivi, namba ngeni, ameirukia mpaka akaangusha kiti. Alikuwa mtu aliyekosea namba. Bado anaendelea kumuuliza, kwa sauti ya upole, kama kuna chochote anachoweza kumsaidia.