Siku Moja ya Kukaa Kitini

4 Machi

Kitindamimba wangu,

Pokea salamu za baba yako. Natumaini u mzima na kiwanda hakijakumaliza. Mimi sijambo kiasi, na hicho kiasi ndicho kilichonifanya nishike kalamu.

Moyo wangu umeanza vituko. Naweza kuwa nimesimama mezani nanyoosha mashuka ya nyumba ya wageni, mara unaanza kwenda mbio bila taarifa, unaruka pigo, unapiga mawili kwa pamoja. Dakika kumi, ishirini, kichwa chepesi, kisha basi. Nikifika zahanati umeshatulia zamani, nami naonekana mzushi.

Safari hii nimekwenda hospitali kubwa. Daktari, binti mdogo kuliko wewe, aliniuliza maswali kama polisi: chai vikombe vingapi, sigara, pombe, dawa za mafua, usingizi. Akanipima presha, akachukua damu aone kama imepungua, na kama tezi ya shingoni inafanya kazi kupita kiasi. Akanifanyia kipimo cha umeme wa moyo. Mistari ikatoka mizuri, maana moyo ulikuwa na adabu mbele ya mgeni. Sasa baada ya wiki mbili nitavalishwa kifuani kifaa chenye nyaya cha kunasa mapigo, mchana na usiku wake, niandike kwenye karatasi ninachofanya kila saa.

Kama ungepata hata wiki moja ya kuja, ningefurahi. Sikulazimishi.

Baba yako

11 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama. Pole sana. Mimi mzima, ila kuja siwezi kwa sasa. Nimepewa kusimamia meza ya kukatia vitambaa, hata mwezi sijamaliza. Nikiondoka wiki moja nitakuta mtu mwingine ameshika mkasi wangu.

Hicho kifaa, tafadhali, kitunze. Nakujua wewe na maji na mkaa. Ni kitu cha watu, na wagonjwa wengine wanakisubiri. Kisilowe, kisigongwe, kisipate joto la pasi. Usije ukatutia aibu.

Na chai upunguze.

Binti yako

26 Machi

Kitindamimba wangu,

Vipi hali? Huku kwema, na leo nina habari njema. Majibu yametoka: damu safi, tezi safi, moyo safi. Daktari anasema kama kazi ndiyo inayouchokoza, ungejionyesha, maana siku ile ilikuwa nzito. Nikacheka kimoyomoyo. Nzito wapi? Nilikaa kitini tangu asubuhi, mikono magotini, kama bwana harusi anayepigwa picha. Ndoo sikugusa, pasi sikuwasha, hata kulala nililala chali. Kwenye karatasi niliandika kazi zangu za kila siku, kufua, kukamua, kunyoosha, kila moja na saa yake, maana nilidhani ndizo anazotaka kuzijua. Kifaa nimekirudisha kinang'aa. Nesi amenisifu.

Daktari alisema moyo ukianza tena nikimbilie pale pale kabla haujatulia, wanivalishe kingine cha siku nyingi zaidi. Ila naona yamekwisha. Wewe unaonaje?

Baba yako

3 Aprili

Baba,

Shikamoo. Unaona? Nilijua tu. Ni mawazo, Baba, ni upweke tangu Mama atutoke. Moyo mzima kabisa unautafutia ugonjwa. Usiwasumbue wale watu kila kifua kikigonga. Tafuta wenzako mzungumze. Nami kila nikifungua bahasha yako nakata kombo siku nzima, na kazi yangu ni ya mkasi. Niandikie mambo mengine.

Binti yako

20 Juni

Kitindamimba wangu,

Hujambo? Mimi mzima. Mvua zimepungua, nguo zinakauka haraka. Mwenye nyumba amepaka geti rangi mpya, mbaya kuliko ile ya kwanza. Fundi viatu wa mlango wa pili anakusalimia. Sina jingine.

Baba yako

2 Septemba

Mwanangu,

Salamu. Mwandiko usikutishe, ni mkono wa kushoto. Barua hii imenichukua siku nne. Wa kulia umelala, na mguu wake, tangu katikati ya Agosti. Nilianguka mezani. Fundi viatu ndiye aliyesikia harufu ya shuka linaloungua.

Daktari ni binti yule yule. Anasema moyo ukipiga ovyo damu huganda ndani yake, na kipande kimepanda kichwani. Tangu Aprili moyo ulikuwa ukinienda mbio mara mbili, tatu kwa wiki. Sikwenda hospitali wala sikukuandikia habari hizo. Ulisema ni mawazo, nikajilazimisha yawe mawazo.

Alitoa ile karatasi yangu ya Machi, akauliza kama kweli siku ile nilifua. Nikamwambia la, nilikaa. Akasema kifaa kile ni cha kuvaliwa kazini, na kwamba huenda dawa ya kuzuia damu kuganda ningeianza mapema. Akauliza nani aliniambia nikae. Nikasema hakuna, ni ujinga wangu mwenyewe. Basi na wewe ukiulizwa, sema hivyo hivyo.

Usije. Kazi yako ishike.

Baba yako

15 Septemba

Baba yangu,

Shikamoo. Sikuulizi hali, nimeiona kwenye mwandiko.

Sitasema hivyo hivyo. Mimi ndiye niliyekutisha na kifaa kile. Hata hilo lingesameheka, maana sikujua. Lakini barua yako ya Machi niliisoma mara mbili. Nilipofika pale ulipokaa kitini nilijua kwamba kipimo hakikupima kitu. Nilianza kukuandikia urudi ukamweleze daktari. Kisha nikawaza: akirudi wataukuta ugonjwa, wakiukuta itabidi niende nyumbani. Nikaichana barua ile, nikaandika kwamba ni mawazo. Majibu yalikuwa ya uongo, nami niliyapenda kwa sababu yaliniruhusu nibaki. Nimejuta, Baba, na sijui majuto haya nitayapeleka wapi.

Meza nimeiacha jana. Jumamosi nitakuwa mlangoni kwako, na daktari nitamwambia mwenyewe. Ukitaka kunifukuza, nifukuze, ila kwanza niache niushike mkono wako wa kulia, hata kama hausikii.

Binti yako