Anayekunywa Umeme wa Lori

Jumatatu, 4 Machi
Limekataa tena! Jana jioni lilinguruma vizuri tu. Asubuhi nazungusha ufunguo — tik. Kimya. Siku ya nne hii, tangu nioshe kebini na kubadilisha viti. Baba kanikabidhi lori lake la miaka arobaini, na mimi bintiye nimeliua ndani ya wiki moja!

Mama hafichi furaha. Hili lori analiita mke mwenza tangu sijazaliwa. Hata ngazi yake hajawahi kuikanyaga. Kakata shauri: Ijumaa anakuja mnunuzi wa vyuma chakavu. Likiwaka, libaki. Lisipowaka, buriani.

Baba je? Eti nitafute betri nyingine, niache kuchokonoa. Halafu huyoo, kaondoka — mbio mno kwa mtu wa magoti mabovu.

Jumanne, 5 Machi
Jana jioni nilifunga betri ya kuazima. Asubuhi — tik. Nimecheka peke yangu mpaka nikakaa chini.

Jumatano, 6 Machi
Kaja fundi umeme, wanamwita Shoti (sababu hataki kuisimulia). Akachomoa waya wa betri, akaunga kiglobu katikati. Kikawaka! Kila kitu kimezimwa, na bado kuna anayekunywa umeme. Tukang'oa fyuzi mojamoja, tukingoja kizime. Ya mwisho ikatoka — kinawaka tu! Nikarukaruka kama mtoto. Shoti akasema mwizi huyu hakupitia mlangoni. Kuna waya umeungwa moja kwa moja kwenye betri.

Baba akapita kuuliza kama hatujachoka. Mara tatu.

Alhamisi, 7 Machi
Waya tumeupata! Mwembamba, mwekundu, unatambaa chini ya chasisi, unapanda nyuma ya kiti, unazama kwenye ubao wa kitanda cha dereva. Kisha mvua ikatufukuza. Mvua gani hii isiyo na adabu!

Ijumaa, 8 Machi
Naandikia juu ya bampa, vidole grisi tupu. Tumefungua ubao. Ndani: globu ya taa ya breki, inawaka! Na kiswichi chake kimechomoza nje, pembeni mwa ubao — lazima nilikigonga na brashi siku ile ya kuosha. Mbele ya globu, picha. Mama! Msichana, anacheka, pembe moja imebabuka kwa joto. Miaka yote hiyo Baba alikuwa anasafiri naye!

Nilipiga ukelele. Mama akatoka jikoni mbio na mwiko, akidhani nimepigwa shoti. Nikanyoosha kidole tu. Akapanda ngazi. Akatazama weee.

"Na nyumbani ukikaa, kimya kama gogo," akamwambia Baba.

Baba anakagua tairi. Tairi lenyewe zima.

Betri ishajaa chaji. Shoti kashika koleo, anauliza, akate waya? Getini mnunuzi wa vyuma anapiga honi. Mama kashafunga mlango wa kebini, kakaa kiti cha abiria, mwiko mapajani, anamuuliza Baba anangoja nini. Baba anajipapasa mifuko, anatafuta ufunguo — ninao mimi! Ngoja nimpelekee!